Mafiga ya Bibi Kunegunda

Pwaa! Kisha kimya. Pwaa! Kisha kimya kirefu kuliko cha kwanza.

Hivyo ndivyo Matogoro ilivyoamshwa mwezi mzima wa Septemba, kabla majogoo hawajakubaliana nani aanze kuwika. Ukungu ulikuwa umelala kifudifudi juu ya mashamba, milima haijaonyesha hata bega, na aliyekuwa kitandani hakuona kitu, alisikia tu. Masikio ya wazee yaliitambua sauti ile. Lilikuwa tope likipigizwa ndani ya kibao cha kufyatulia matofali. Waliitambua kwa huzuni, kwani kazi ya matofali ina mdundo wake: mmoja hukanda, mmoja hufyatua, mmoja hubeba na kuanika, na sauti zao hufuatana kama michi mitatu ndani ya kinu kimoja. Sauti hii ilikuwa ya mtu mmoja. Akifyatua, hakuna wa kubeba. Akibeba, hakuna wa kukanda. Ndiyo maana kimya kilikuwa kirefu.

Waliotutangulia walilitazama jiko lao la mawe matatu wakasema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Jiwe moja la jikoni, hata liwe gumu namna gani, halibebi chungu pasipo wenzake. Dorine, mwenye sauti ile ya alfajiri, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika.

Dorine alikuwa fundi cherehani. Mchana alishona mbele ya duka moja kule Mfaranyaki, mjini Songea, na alfajiri alikanda udongo nyuma ya nyumba alimolelewa na bibi yake, Kunegunda, aliyefariki mwaka uliotangulia wakati wa baridi ya Juni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwembamba kama uzi, lakini uzi wenyewe ulikuwa wa katani. Watu walisema, "Huyu ni Kunegunda mtupu." Yeye alilipokea neno hilo kama wengine wanavyopokea taji.

Na nani asingejivunia damu ile? Kunegunda alizaliwa Umatengo, akaolewa Matogoro na mwanamume aliyeitwa Saimon. Saimon alikwenda Tunduru kutafuta maisha, akayapata hukohuko, hakurudi. Mkewe alibaki na watoto wawili, Amedeus na Getruda, ndani ya kibanda cha nyasi kilichovuja kama kichungio. Alilima mahindi kwenye mteremko ambao wanaume waliukimbia. Alibeba kuni kichwani hadi mjini, akamsomesha Amedeus mpaka akawa mwalimu huko Njombe. Getruda alipofariki, akiacha kichanga bado kinanyonya, Kunegunda alirudi kutoka makaburini, akavua kanga ya msiba, akafunga kanga ya kumbebea mtoto. Mtoto huyo alikuwa Dorine. Kisha, katika umri ambao wenzake waliomba kiti, yeye alijenga nyumba ya matofali yenye bati.

Siku ya maziko, Amedeus alisoma wasifu wa marehemu. Akafika mahali pasemapo: "Mama yetu alisimama peke yake. Hakumwegemea mtu." Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Dorine alilimeza neno hilo likakaa kifuani mwake kama mkaa. Peke yake! Na yeye atasimama hivyohivyo.

Matanga yalipoanuliwa na masufuria ya watu yakarudishwa kwa wenyewe, Dorine aliingia jikoni kuwasha moto wake wa kwanza bila Bibi. Alikuta figa moja. Mawili hayakuwepo. Alitafuta uani, palipopikiwa chakula cha msiba. Akatafuta kwenye majani, nyuma ya choo, chini ya kichanja. Hayakuwepo. Yalikuwa mawe meusi, magumu, yaliyoletwa na Bibi kutoka kwao Umatengo alipoolewa, na Dorine aliyajua kama anavyojua vidole vyake.

Alitoka akasimama njiani, akapaza sauti mpaka mbwa wakanyamaza. "Matogoro hii! Watu mnakula msibani, mkishiba mnaiba mpaka mawe! Bibi yangu hakuwahi kuomba hata chumvi kwenu!"

Bibi Mwamvua, jirani wa nyumba ya tatu, mama wa Kiyao aliyekuja zamani kutoka Nakapanya, Tunduru, alikuwa anapita na ndoo yake. Alisimama akamtazama. "Mjukuu wangu," alisema taratibu, "ukipungukiwa na kitu, kwangu unapajua."

"Sijapungukiwa," alijibu Dorine, akaingia ndani.

Tangu hapo alifunga mlango, na mlango wa nyumba ukifungwa muda mrefu, wa moyo hujifunga wenyewe. Hakutafuta mawe mengine. Kuyaweka mengine ilikuwa kama kukubali kwamba yale hayakuwa na maana. Alinunua jiko la mkaa. Alipika kikombe cha mchele, akala akiwa amesimama, kutoka ndani ya sufuria, kwa kuwa kuandaa sahani ya mtu mmoja kulimtia uchungu. Kigoda cha Bibi kilikuwa palepale karibu na figa lililobaki, na yeye alikizunguka kama mtu anayemzunguka mgonjwa aliyelala. Jioni alisikia vicheko vya nyumba za wengine vikipita ukutani. Salamu alizitoa kwa ncha ya ulimi. Polepole watu wakaacha kumpigia hodi, na yeye akaliita hilo heshima.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nzito. Mwezi wa Machi ukuta wa nyuma, ambao pekee ulikuwa wa matofali mabichi, ulilowa, ukavimba, ukalala chini. Mjomba Amedeus alipiga simu kutoka Njombe.

"Dorine mama, nyumba isiyo na ukuta ni boma tu. Mnunuzi wa kiwanja yupo. Wewe panga chumba Mfaranyaki, karibu na cherehani yako."

"Mjomba, nitajenga."

"Na nani?"

"Bibi alijenga na nani?"

"Haya," alisema Amedeus. "Lakini sikiliza. Mvua za mwishoni mwa mwaka zikianza kabla hujawa na matofali ya kuchoma, nauza. Sitaki siku moja nipigiwe simu kwamba paa limekuangukia."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya ile pwaa ya alfajiri. Dorine alikuwa anaigombea nyumba ya bibi yake, na hakimu alikuwa wingu.

Kufikia Novemba matofali yalikuwa yamekauka. Aliyapanga yakawa tanuri, kimo kikimzidi, akaacha matundu mawili ya moto, moja upande jua linapochomoza na jingine upande linapozama. Akalisiliba tanuri kwa tope. Kuni za mikaratusi alizirundika kando. Wapita njia walipunguza mwendo, wakatazama, wakatazamana. Kila mtu wa Songea anajua kwamba tanuri halichomwi na mtu mmoja. Moto wake ni kama mtoto mchanga; haulali mkalala. Lakini nani angemwambia? Waliokwisha kufungiwa mlango hawapigi hodi mara mbili.

Aliwasha Ijumaa asubuhi. Akilisha tundu la mashariki, la magharibi linafifia. Akikimbilia la magharibi, la mashariki linanywea. Alikimbia hivyo kutwa, akakimbia kucha, viganja vikatoa malengelenge, nyusi zikaungua. Jumamosi kulipopambazuka alikaa juu ya gogo ili apumzishe macho tu.

Alipoyafumbua, jua lilikuwa limepanda na hakusikia kitu. Hakuna mlio, hakuna mvumo. Alichungulia tundu la kwanza: majivu. La pili: majivu. Alichomoa tofali la pembeni. Lilikuwa jekundu upande mmoja na la kijivu upande mwingine. Akainua macho. Juu ya milima ya Matogoro wingu lilikuwa limekaa, jeusi, limejikunja kama paka anayengoja.

Njaa ilimkumbusha kwamba hajala tangu jana. Mkaa ulikuwa umekwisha. Aliingia jikoni kwa Bibi, akashusha chungu cha udongo kutoka kwenye kichanja, akachukua matofali yake mawili akayaweka mahali pa mafiga yaliyopotea. Figa moja, matofali mawili. Alibandika uji, akachochea vijiti. Uji ulipoanza kuimba, povu lilifurika na kuteremka ubavuni mwa chungu, likalowesha tofali moja upande uliobaki mbichi. Tofali likalainika, likamomonyoka kama sukari. Chungu kikainama, kikamwaga kila kitu motoni, kikabingirika hadi miguuni pa kigoda cha Bibi, mdomo wake umemeguka.

Moshi ulijaa. Dorine alilitazama lile figa moja, bado limesimama imara, gumu, jeusi, halina hata ufa, na halijabeba chochote. Alicheka. Kicheko kiligeuka njiani kikawa kilio, kile kilio ambacho hakukilia siku ya maziko kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Alipokwisha kulia alinyanyuka, akatoka kwenda kuomba. Miguu yake haikuizoea safari hiyo. Nyumba ya tatu haikuwa mbali, lakini alipita nyumba mbili za kwanza kana kwamba anapita katikati ya mahakama.

Bibi Mwamvua alikuwa amekaa mlangoni pa jiko lake, ushungi kichwani, kandambili miguuni, anachambua korosho alizoletewa na ndugu zake wa Nakapanya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Alhamdulillahi, umekuja."

Dorine alifungua kinywa aseme shida yake, jicho likamponyoka likaingia jikoni. Pale motoni, chini ya sufuria ya Mwamvua, kulikuwa na jiwe jeusi lenye mstari mweupe unaolizunguka kama mshono. Fundi cherehani hasahau mshono.

"Hilo figa ni la Bibi yangu!"

"Ni lake."

"Kumbe mwizi ni wewe!"

"Paza sauti, mjukuu wangu," alisema Mwamvua bila kuacha korosho zake. "Mwaka mzima umenitukana ukiwa kwenu, maneno yakinifikia yamepoa. Leo nayapata ya moto." Akacheka, meno yake machache yakaonekana. "La pili lipo kwa Theodosia, pale bondeni. Alichagua lenye ufa. Wangoni hao, wanapenda vitu vyenye makovu."

Dorine alikaa chini, palepale vumbini.

"Alitutuma mwenyewe," aliendelea Mwamvua, na sasa hakucheka. "Sikiliza. Babu yako alipokwenda Tunduru, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Tunduru, na mume aliyenileta alikuwa amenifia. Theodosia alikuwa na mume, lakini pombe ilikuwa imemwoa kabla yake. Kunegunda alikuwa na mafiga, hana chungu. Mimi nilikuwa na chungu, sina unga. Theodosia alikuwa na unga, hana amani ya kuupikia kwake. Msimu ule wa njaa tulikula pale kwenu, wanawake watatu na watoto wetu. Ndipo bibi yako akatufundisha ngokela ya kwao Umatengo: leo wote shambani kwangu, kesho wote kwako, na mwenye shamba anatoa togwa. Ule mteremko unaosifiwa tuliulima sote. Nyumba hiyo tuliifyatua sote, mwaka uliofuata kifo cha mama yako. Tanuri lilipowaka, yeye alikuwa tundu moja, Theodosia tundu la pili. Unajua mimi nilikuwa wapi?"

"Sijui, Bibi."

"Nilikuwa nabeba kuni kichwani na wewe mgongoni. Ulikuwa unalia kama filimbi."

Upepo ulivuma ukageuza majani ya migomba upande wa ndani. Dorine aliuliza kwa sauti ndogo, "Mbona Mjomba alisoma kwamba alisimama peke yake?"

"Mjomba wako alikuwa Njombe anafundisha. Alirudi akakuta nyumba, akadhani imeota. Sisi tulikuwa kwenye mkeka tunasikiliza, Theodosia akanifinya paja ninyamaze. Msibani hatubishani na karatasi."

"Na mimi je? Kwa nini hamkuniambia?"

"Alitukataza. Alipokuwa hawezi tena kuinuka alituambia: 'Nikifa, chukueni mafiga mawili, kila mmoja lake. Huyu mtoto kichwa chake ni changu. Mkimfuata atawafukuza, hata mimi nilimfukuza Theodosia mara mbili kabla sijamfungulia. Mwachieni moja. Siku chungu kitakapomwangukia, atakuja kwa miguu yake.'" Mwamvua alifuta jicho kwa ncha ya ushungi. "Tulidhani wiki. Tukadhani mwezi. Kila alfajiri nikisikia ile pwaa, halafu kimya, nilikuwa natoka nakaa hapa, nimevaa kandambili kabisa, nikisema leo atakuja. Mimi nami ni mtu mzima, Dorine. Rafiki yangu amekufa, na mjukuu wake ananiita mwizi. Ulidhani upweke umejenga kwako tu?"

Hapo ndipo kiburi cha Dorine kilipovunjika, na kilivunjika kama chungu, kwa sauti. Alishika miguu ya mama yule akalia tena. Kisha akasema maneno mawili ambayo mwaka mzima hayakutoka: "Nisaidie, Bibi."

"Moto ukoje?"

"Umezimika."

"Tanuri limepoa?"

"Bado lina joto."

"Basi umekaa unafanya nini? Nenda kwa Theodosia. Na umsalimie vizuri, yule ana kinyongo kuliko mimi."

Theodosia alimpokea mikono kiunoni. "Ahaa! Mwenye mawe yake amefika! Umekuja kuhesabu na majembe yangu?" Lakini huku akisema hivyo alikuwa tayari anajitwisha ndoo ya togwa, na figa lenye ufa lilikuwa limefungwa kwenye kanga mlangoni, kama mzigo wa mtu aliyekuwa anangoja basi. Alitoka kwenye mteremko, akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele mrefu ambao Matogoro haikuwa imeusikia tangu siku za ngokela. Bonde likaitika. Akatoka mtu na shoka, akatoka mtu na mzigo wa kuni, wakatoka wale waliofungiwa milango, na hakuna aliyekumbusha jambo. Theodosia alishika tundu la mashariki, Mwamvua la magharibi, na Dorine akabeba kuni kichwani, akienda na kurudi kati yao. Moto uliolala ukaamka, ukaguna, ukavuma.

Walipokezana bila kuuacha. Jumapili, watu wakitoka misani, wingu likaachia. Mvua ilianguka kwa hasira juu ya tanuri lililokwisha kuiva na kuzibwa matundu; mvuke ukapanda, sauti ikawa *shaaa*, na matofali yakabaki matofali.

Simu iliita. "Nasikia mvua," alisema Mjomba Amedeus. "Matofali je?"

"Yameiva, Mjomba."

"Nani amekusaidia?"

"Waliomsaidia Bibi."

Mjomba akasema atakuja mwezi wa Desemba kuinua ukuta, na kwamba anaomba awasalimie wazee hao kwa jina, mmojammoja, kama watakubali.

Jioni ile mvua ilikuwa bado inaongea na bati. Jikoni kwa Kunegunda mafiga matatu yalikuwa yamerudi mahali pake, na chungu kilichomeguka mdomo kilikuwa juu yake, kimetulia, kimejaa maharage. Wanawake wawili wazee na binti mmoja walikaa kuuzunguka moto. Kigoda hakikukaliwa na mtu.

"Mawe tumeyarudisha," alisema Theodosia, akikitazama kigoda. "Mwenyewe ndiye hatutamrudisha." Kuna mahali ambapo hata watu watatu hawatoshi kupajaza.

Baada ya muda Mwamvua alisema, kana kwamba anazungumza na moto, "Nami zamu yangu haiko mbali. Nikiondoka, mle ndani atabaki Alfani, mjukuu wangu. Unamwona na bodaboda yake, anapita watu kama nguzo. Haambiliki. Namhofia nyumba itamfunika akiwa hai."

Dorine aliuchukua mkono wake wenye harufu ya korosho na moshi, akaushika kwa viganja vyake vyenye malengelenge. Alisema kwa sauti, ili Theodosia asikie, na kigoda kisikie.

"Bibi Mwamvua, Mungu akupe umri. Lakini siku hiyo ikifika, nitaingia jikoni kwako nichukue mafiga mawili, nimwachie Alfani moja. Akiniita mwizi, nitanyamaza. Kila alfajiri nitakaa mlangoni, nimevaa kandambili, na akikawia mwaka, nitamngoja mwaka. Nakuahidi hatabaki peke yake, maana nimeona kwa macho yangu mawili: figa moja haliinjiki chungu."